Mume Wangu Alipocheka

Kila Jumamosi jioni mume wangu alikuwa na kawaida ya kupitia dukani Bulyaga na kurudi na bia zake kwenye mfuko mweusi, pamoja na chupa yangu ya mvinyo mtamu aliyoizungushia gazeti kama mtu anayeficha dawa. Yeye ni mzee wa kanisa, mimi niko kwenye umoja wa akina mama. Hakuna aliyetukataza kunywa, ila tuliona haya tu. Basi tulishusha pazia, tukasogeza jiko la mkaa katikati ya sebule, tukaacha dirisha moja wazi kidogo ili hewa ipite, tukaanza kunywa taratibu huku tukila ndizi za kuchoma.

Hiyo ndiyo starehe tuliyojipatia baada ya mtoto wetu wa mwisho kwenda chuoni Dar es Salaam. Nyumba yetu iko Ibighi, na ghafla ikawa na vyumba vingi kuliko watu. Mume wangu alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha chai, ambako maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye chumba cha mashine za kusaga majani. Siku za wiki alishinda kwenye migomba, akarudi amechoka, akala, akalala. Mimi nilishinda na cherehani yangu barazani. Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa naiwekea maneno. Nikisikia kichekesho siku ya Jumanne, nakitunza.

Jumamosi moja ya masika nilikuwa na kisa kizuri. Mbuzi wa jirani alikuwa amejipenyeza kwenye harusi na kutafuna maua ya bibi harusi, na bwana harusi akiwa na suti yake akamkimbiza mpaka wote wawili wakaanguka kwenye tope. Nilisimama nikamwigiza bwana harusi, nikamwigiza na mbuzi. Mume wangu alicheka hadi bia ikamwingia puani. Kisha naye akasimama, akasukuma tumbo mbele, akatembea kama msimamizi wake wa zamani kule kiwandani akikagua mashine asizozijua, glasi mkononi. Nilicheka mpaka nikalala kwenye kochi. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati, na kama ilivyo kwetu, mvua ikipiga kila mtu hupaza sauti na kuuliza "Umesemaje?" bila aibu.

Mvua ilipopungua, moto nao ulikuwa umefifia. Nikainama kuongeza mkaa. Sijui ni mvinyo au ni kule kucheka sana, lakini nikiwa nimeinama hivyo, nikamwambia neno ambalo sikuwa nimelipanga.

"Baba, nasikia upweke humu ndani. Kuna siku nakaa na cherehani nalia tu, bila sababu."

Akacheka. Si kicheko kidogo. Alicheka kwa nguvu, akapiga goti lake.

Nilibaki na koleo la mkaa mkononi. Katika ndoa yetu tumegombana kama watu wengine, lakini huyu mwanamume hakuwahi kunidhihaki. Nikageuka nimtazame, akanionyesha meno, bado anafurahi, anasubiri niendelee. Kabla sijafungua mdomo, umeme ukakatika.

Gizani palikuwa na wekundu wa jiko tu. Nikamwambia, "Kwa nini umenicheka?"

Nikasikia akimeza bia.

Umeme ukikatika, mume wangu hunyamaza. Nilikuwa nimelizoea hilo, nikidhani anachukia giza, au amechoka na mimi. Safari hii nikakasirika. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Nyumba inaungua."

"Ee," akajibu kwa upole. "Tutaona kesho."

Nikapapasa meza, nikapata simu, nikawasha tochi yake na kuielekeza usoni mwangu mwenyewe. Nikaona macho yake yamekuja moja kwa moja kwenye midomo yangu, hayakwenda kwingine.

"Hunisikii?" nikauliza.

Alizungusha glasi mkononi. "Nakusikia kukiwa na mwanga," akasema.

Akanieleza polepole. Ilianza kabla hajastaafu. Mashine zilikuwa zinaunguruma kichwani hata akiwa kanisani. Alijifunza kutazama midomo, na mahali asipopata neno, alitazama sura: watu wakicheka anacheka, wakisikitika anasikitika. Mimi nilipoinama, aliona mabega yangu yanatikisika, akadhani bado nacheka kisa cha mbuzi.

"Kwani ulisema nini?" akauliza.

Nikiwa na tochi usoni, nikashindwa. "Nilisema mkaa umelowa," nikamjibu.

"Pole, mama. Ndaga," akasema, akanishika mkono, akashukuru kwa Kinyakyusa kama afanyavyo akiguswa na jambo. Nikajua anashukuru kwamba sikumwaibisha.

Tulikwenda hospitali, kisha Mbeya, akapata kifaa cha kuweka sikioni. Kinamsaidia kanisani na kwenye simu za watoto. Lakini mvua ikianza anakitoa haraka na kukiweka kwenye kisahani, maana anasema mabati yanamrudishia kiwanda kizima kichwani. Na huku kwetu mvua hainyeshi kwa nadra.

Jumamosi tunakaa bado. Siku hizi kochi langu linatazamana na lake, na kuna taa ya sola juu ya kabati kwa ajili ya umeme ukikatika. Visa ninavyomsimulia vimekuwa vifupi, na nimejifunza kuyatamka maneno kwa midomo mipana kama mtu anayefundisha watoto kuimba. Anacheka mahali panapotakiwa. Mara nyingine anasimama na kumwigiza msimamizi wake, nami nacheka kweli.

Ila kuna maneno ambayo mke humwambia mumewe akiwa amegeuka, anakunja nguo, au anatazama moto. Hayo sijui tena niyapeleke wapi. Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa kubwa, sikio lake liko kwenye kisahani, nami nilikuwa nimekaa tu na glasi yangu. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Unawaza nini?" akauliza.

Nikatabasamu, nikapanua midomo vizuri ili asipoteze hata silabi moja.

"Nawaza kesho nipike nini."

Akatikisa kichwa kukubali, akasema maharage yatatosha, akafungua bia nyingine.