Mkebe wa Pili

Binti yangu alianza kuanguka akiwa na miaka minane, tulipokuwa tukiishi Kisumu Ndogo, kule Kibera. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye foleni ya maji. Aliachia debe, akakakamaa, kisha akaanza kutupa mikono na miguu huku povu likimtoka mdomoni. Watu wote wakarudi nyuma. Hawakuwa watu wabaya. Ni hao hao walionigawia makaa na kunishikia mtoto nilipokwenda kazini. Lakini sote tulikuwa tumeambiwa tangu utotoni kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, kifafa kinakuhamia. Nami siku ile nilisimama hatua tatu kutoka kwa mtoto niliyemzaa. Naanza na hilo kwa sababu yaliyofuata hayaeleweki bila hilo.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenifundisha. Usimtie kijiko mdomoni. Usimkandamize. Ondoa moto na kila kitu kigumu kilicho karibu, weka nguo chini ya kichwa chake, mgeuze alale ubavu, ungoje. Povu ni mate tu. Kisha akanipa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila jioni.

"Mama, hii dawa haikatwi ghafla," alisema. "Ukiikata ghafla, ugonjwa unarudi na hasira."

Pale bombani, wanawake walianza kuusuuza mpira wa maji kila tulipomaliza kuchota. Nikahama. Nilipata chumba Kawangware, upande wa Riruta Satellite, kwenye plot, nyumba ya kupanga ya milango minane, ambako hakuna aliyetujua. Vidonge nikavimimina kwenye mkebe wa aspirini. Ikawa siri yetu.

Sasa, aliyeishi kwenye plot anajua kwamba chumvi, jiko na dawa ya kichwa havina mwenyewe. Jirani anapiga hodi, unampa. Kwa hiyo nilikuwa na mikebe miwili inayofanana. Wa vidonge vya binti yangu ulikaa chini ya godoro. Wa pili, wenye aspirini ya kweli, ulikaa juu ya kabati, na huo ndio niliowafungulia majirani. Kwa miaka kumi hakuna aliyetushuku, na mtoto alianguka mara mbili tu, zote akiwa ndani na mimi.

Barua ya chuo cha ualimu ilipofika, nilikuwa na mwezi mmoja wa kumwandaa. Nilimtuma kliniki peke yake nikamngoja nje ya geti, ajifunze kusema mwenyewe anachotaka. Nilimfundisha kuhesabu vidonge kila Jumapili. Nilimwambia asikeshe akisoma, asifunge komeo anapooga, asiache kumeza hata akijisikia mzima kama ng'ombe. Aliyashika yote. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi mwalimu wake.

Kulikuwa na fomu ya afya, yenye swali moja kuhusu kifafa. Niliandika "Hapana". Alisoma akichungulia juu ya bega langu.

"Mama, nikianguka huko, nani atanigeuza?"

"Hutaanguka. Meza dawa."

"Lakini nikianguka?"

"Wewe unataka kusoma ama unataka kurudi Kisumu Ndogo tusuuziwe mpira?"

Nilimfungia sanduku: shuka mbili, sabuni, mafuta, na mkebe wenye vidonge vya muhula mzima. Mkebe mmoja. Ule wa pili niliuacha juu ya kabati pale ulipozoea kukaa, na sikuufikiria hata kidogo. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa kile ambacho mikono yangu ilikuwa ikikifanya kila siku bila kufikiri.

Bwenini mambo yalikuwa kama kwenye plot. Alinisimulia baadaye jinsi mwenzake wa kwanza alivyomjia.

"Wee, kichwa inanigonga. Si unisaidie na moja?"

Angesema nini? Kila mtu aliuona mkebe. Msichana anayenyima mwenzake aspirini ni mchoyo, na mchoyo bwenini hana rafiki. Akatoa. Na vidonge vile, pamoja na kuzuia kifafa, huleta usingizi. Karibu na mtihani, wasichana walipokuwa wakijigeuzageuza kitandani kwa hofu, habari zikaenea.

"Dada, dawa yako ni moto! Nimelala kama gunia la viazi. Nipe tena."

Walicheka, naye akacheka nao. Jumapili alihesabu kama nilivyomfundisha, akaona havitafika mwisho wa muhula. Alianza kumeza nusu. Kisha vikaisha. Hakwenda kwa matroni, kwa sababu fomu ilisema hapana.

Siku ya nne bila dawa, alikuwa akipiga nguo pasi ya makaa. Alianguka, na pasi ikawa chini ya mkono wake wa kushoto. Wasichana sita walikuwa chumbani. Wawili walikimbia kumwita matroni. Wanne walisimama ukutani wakipiga mayowe, na hakuna aliyemvuta.

Mmoja wao nilimkuta hospitalini, amekaa kwenye benchi, macho yamevimba. "Mama, tulidhani ni dawa ya kichwa," alisema. "Na tuliogopa povu." Sikuweza kumkaripia. Niliujua umbali ule wa hatua tatu.

Mkuu wa chuo aliweka fomu mezani. "Nani aliandika hapa?"

"Ni mimi."

"Ungetuambia, mama."

"Ningewaambia, mngempokea?"

Akairudisha fomu kwenye faili. Wiki hiyo walimrudisha nyumbani. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto havikunyooka tena.

Siri haikai na bendeji. Mama mwenye plot alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mmekaa kwangu miaka yote hii na ugonjwa wa kuanguka na mkanificha? Mwisho wa mwezi mtafute kwingine." Tukarudi Kibera, safari hii Sarang'ombe.

Cheti hakupata. Lakini kanisa moja la mabati lilihitaji mtu wa kukaa na watoto wadogo, akaenda. Siku ya kwanza nilisimama nje, nikamsikia akiwaambia kabla hata hawajaimba kwamba mwalimu ana kifafa. Nilitaka kuingia nimzibe mdomo. Akalala chini kwenye sakafu ya udongo, akawaita mmoja mmoja wamsukume mpaka alale ubavu.

"Mate yangu hayaumi," aliwaambia. "Ukiyagusa, utanawa tu."

Kasichana fulani kakauliza, "Mwalimu, ukianguka tunaweza kucheka?"

"Mkitaka chekeni," alisema binti yangu, bado amelala pale chini. "Lakini kwanza mnigeuze."