Chupa ya Watu Kumi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Thika, sista mkuu hakunionyesha mgonjwa. Alinionyesha friji. Nilitakiwa kusoma kipimajoto chake asubuhi na jioni, kwa sababu chanjo ikipata joto huharibika, na ukimdunga mtoto chanjo iliyoharibika umemdanganya mama yake. Kisha akanipa sheria ya chupa: ina dozi kumi, na ikishafunguliwa ni ya saa chache tu, inayobaki inamwagwa.

“Kwa hivyo usifungue, binti, mpaka uhesabu vichwa.”

Nilihesabu vichwa zaidi ya miaka thelathini: Thika, halafu Gitothua, mwishowe kituo kidogo cha afya huku Kimbo. Mtoto akilia nilimwambia, lia vizuri, hata mamako alilia hapa hapa. Hakuna mama aliyewahi kuniuliza chanjo imetoka kampuni gani.

Corona ilipokuja, kila mtu akawa daktari. Wengine walitaka chanjo ile ya sindano moja tu, wasipoteze kibarua siku mbili. Wengine walisikia inamaliza uzazi, na aliyewaambia hilo ana watoto saba! Wafanyakazi waliotakiwa cheti cha chanjo kazini walinyoosha mkono huku wameangalia ukuta. Mimi nina mdomo, na niligombana na wengi.

Mzee Mbugua, fundi wa viatu jirani yangu, alikuwa na presha, na alikuwa amesikia mwenye presha akidungwa hafiki nyumbani. Miezi mingi nilisimama kibandani kwake jioni nikimweleza kwamba mwenye presha ndiye wa kutangulia. Alikuwa akigonga msumari na kunicheka, eti nafaa kuuza mitumba.

Alhamisi moja saa tisa mchana akaja, amevaa koti la kanisani. Kwenye benchi walikuwepo watatu, yeye akawa wa nne. Nilichungulia barabarani, hakuna mwingine aliyekuwa akija. Nikawaambia wote warudi kesho asubuhi.

“Sista, ni mimi,” akasema. “Leo nimekuja.”

“Najua, mzee. Kuja kesho, tutakuwa wengi.”

Akafunga vifungo vya koti, akaenda. Kesho yake wale watatu walirudi, yeye hakurudi. Nilipompitia kibandani aliniambia polepole kwamba kama dawa ingekuwa ya maana vile nilivyosema, singemrudisha. Nilimweleza habari ya dozi kumi, naye akaendelea kushona. Haukupita muda mrefu corona ikampata, tukamzika kwao Murang’a. Kama sindano moja ingemwokoa, sijui, na sitajifanya najua. Lakini alikuja, na ni mimi niliyemrudisha. Niliumia, na bado naumia.

Baada ya matanga mke wake alikuja kituoni, peke yake. Hakuketi. Alisimama mlangoni akaliangalia benchi tupu.

“Niende nirudi wakati muko wengi?”

Nilimshika mkono nikamketisha, nikafungua chupa. Jioni hiyo zilimwagwa dozi tisa. Msimamizi wangu, mtu wa haki lakini wa makaratasi, aliniita kuuliza kwa nini, nikamwambia mtu alikuwa amekuja. Alingoja niendelee. Kisha akaandika kitu, akaniambia nirudi kazini.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku na kusumbua wajukuu. Wauguzi wachanga wa kanisa letu huniuliza mtu mgumu anashawishiwa vipi. Nawaambia wasiniulize hilo, kushawishi nilikuwa najua. Mzee Mbugua nilimshawishi kabisa, mpaka akavaa koti.