Mbegu ya Kumi

Baba yangu alizaliwa Kinangop, katika nyumba ya udongo kando ya shamba la Mzungu ambako baba yake alikuwa akikamua ng'ombe. Mama yangu alizaliwa Ol Kalou. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, kwa hiyo usiyaandike hapa. Wala langu, wala la mama yako. Andika ninayosema, na usinipambie maneno.

Mimi sikusoma. Ndugu zangu wa kiume walipelekwa shule, mimi nikapelekwa kwa ng'ombe. Torati yote niliyo nayo iliingia kwa masikio, na kilichoingia kwa masikio hakifutiki kwa mvua.

Baba alikuwa mzee wa kanisa kabla sijazaliwa. Siku moja alimwuliza mchungaji kwa nini wanapumzika Jumapili ilhali kitabu kinasema siku ya saba. Mchungaji akamjibu, "Hivyo ndivyo tulivyopokea." Jibu hilo lilimuudhi Baba kuliko tusi. Akatoka na jamaa chache, wakajenga nyumba ya maombi ya mbao na mabati, na mwaka baada ya mwaka, kwa vitabu alivyopewa na Myahudi mmoja mwenye duka Nairobi, wakawa Wayahudi. Nilipopata akili, sisi tulikuwa Wayahudi tayari. Hatukula nguruwe, hatukuwasha moto siku ya Sabato, na wanawake waliketi nyuma ya pazia.

Zipo sala ambazo hatuwezi kuzisoma mpaka watimie wanaume kumi waliobaleghe. Mojawapo ni Kadishi, ambayo mtoto humsomea mzazi aliyefariki, kwa miezi kumi na mmoja. Nao watu hawahesabiwi kwa kidole, kwa kuwa kuwahesabu watu kama mbuzi ni kuwaitia balaa. Kwa hiyo Baba aliweka kopo la bati mlangoni, lililokuwa la majani ya chai, na kando yake kibakuli cha mahindi makavu. Kila mwanamume aliyeingia alitumbukiza mbegu moja. Wanawake walipita bila kutumbukiza kitu. Baadaye kopo lilimiminwa, mbegu zikahesabiwa, na zikifika kumi sala ikaanza. Kazi ya kumimina na kuhesabu ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi.

Sasa nenda mbele, kwenye miaka ile mama yako alipokuwa muuguzi Jeddah, nami mpishi Riyadh. Wewe ulikuwa katika shule ya bweni ya wasichana, na babu yako alibaki nyumbani akilitunza shamba na nyumba ya maombi.

Niliajiriwa na mjane mmoja mtaa wa Sulimaniya, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji. Katika ikama yangu, kile kibali cha kuishi kule, dini yangu iliandikwa kuwa si Mwislamu, basi, na hilo lilikuwa kweli, sikuulizwa zaidi. Nami nitakuambia jambo ambalo watu wetu hawaliamini: Sabato niliishika kwa urahisi zaidi kule kuliko hapa kwetu. Nchi ile hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Hapa Jumamosi ni siku ya soko, na kila mtu hukushangaa.

Shida ilikuwa nyama. Niliwapikia kabsa, wali mwingi na nyama juu yake, mara kwa kondoo, mara kwa ngamia, na sikuionja kamwe.

"Wewe ni mpishi gani usiyeonja?" madam aliniuliza.

"Mpishi asiyekula ngamia, madam."

"Na chumvi unaijuaje?"

"Kwa harufu ya mvuke."

"Umezidisha chumvi mara moja tu tangu uje," akasema, "na siku hiyo ulipika samaki, ambaye ulimwonja."

Tangu hapo tulipatana. Tulikuwa wanawake wawili wakali, na ukali ulituunganisha. Wakati huo wanawake wa kule ndio kwanza wameruhusiwa kuendesha magari, na binti yake alikuwa amepata leseni. Madam alikuja kulalamika jikoni. "Mama yangu alikufa bila kuketi kiti cha mbele hata siku moja. Huyu anataka usukani." Nikamwambia kwamba watoto wa siku hizi hupokea nyumba kisha huuliza kwa nini ina milango. Alicheka, nami nikajisikia mwenye hekima.

Kisha babu yako akafa. Shemeji yangu, mdogo wake, alinipigia simu asubuhi nikichambua mchele. Mazishi yetu hayangoji ndege. Alizikwa kesho yake, mimi nikiwa bado na harufu ya iliki mikononi. Madam alinipa siku saba za maombolezo yetu nilizomwomba, nikaziketi sakafuni chumbani mwangu. Siku ya saba aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Una mtoto wa kumwombea baba yake?"

"Nina binti tu, madam."

"Nimeuliza kama una mtoto," akasema. Akainuka, akatoka.

Nyumbani hakukuwa na Kadishi. Vijana walikuwa wamehamia Nairobi na kwingineko, na wanaume waliosalia walikuwa sita. Kopo lilimiminwa, zikatoka mbegu sita, watu wakaomba sala fupi wakarudi majumbani. Ilikuwa hivyo juma baada ya juma. Babu yako, ambaye aliufungua mlango ule kila Sabato kwa miaka arobaini, hakuwa na sala.

Mwezi wa pili wa msiba, shule za kule zilifungwa, na jamaa ya madam wakaenda Jeddah kupunga upepo, nami pamoja nao. Wao walipitia Makka kufanya umra. Mimi nilipandishwa ndege, kwa maana njia ile si yetu. Mama yako akaja kunichukua Alhamisi jioni kwa gari lake mwenyewe.

Sikuwahi kuendeshwa na mwanamke, tena niliyemzaa.

"Mama, achia huo mkono wa mlango."

"Nimeushika kwa faida yangu."

"Mbona madereva wa Riyadh huwaogopi?"

"Hao sikuwazaa. Wakikosea, si aibu yangu."

Aliendesha vizuri. Sikumwambia.

Chumbani kwake, katika nyumba za wauguzi, alinipa chai, akangoja niimalize. Ndipo akasema, "Mama, Baba ana miezi miwili kaburini bila Kadishi."

"Vijana watarudi wakati wa Pasaka."

"Pasaka iko miezi saba mbele. Nimezungumza na Baba Mdogo. Wako wanaume sita, na nyuma ya pazia wako wanawake watano. Wahesabiwe, watazidi kumi. Mimi nitasoma kwa simu, wao waitikie."

"Hutasoma."

"Nimejifunza maneno yote."

"Kuku naye akijifunza kuwika, bado huitwa kuku."

Nilisema neno hilo, mjukuu wangu, na usiliondoe. Mama yako alikuwa akilia, ila aliniangalia usoni moja kwa moja.

"Niambie sababu, Mama. Sikatai sheria. Nataka sababu tu."

Nikafungua kinywa nikasema, "Hivyo ndivyo tulivyopokea."

Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, nilimwona Baba akimgeuzia mchungaji mgongo. Kila tulicho nacho, kuanzia Sabato mpaka kopo, kilitoka kwa mtu mmoja aliyelikataa jibu hilo, nami nilikuwa nikimpa mjukuu wake jibu hilo hilo, na chai yake tumboni mwangu.

Ndipo nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Nyanya yangu mzaa baba alipofariki, Baba alikuwa akimsomea Kadishi. Siku moja mvua ilinyesha mpaka njia zikakatika. Tulingoja sana. Baba alisimama karibu na dirisha, akitazama njia, na kila mara aligeuka kuniuliza kwa macho. Nilimimina kopo: mbegu tisa. Nikazirudisha. Nikangoja, nikamimina tena: tisa. Nikachukua mbegu moja kwenye kibakuli, nikaitumbukiza kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia Baba, "Zimetimia." Akasoma Kadishi ya mama yake juu ya uongo wangu.

Tangu siku hiyo nikawa mkali. Watu husema nimezaliwa hivyo, lakini sivyo. Kila msichana aliyelisogelea kopo nilimfukuza. Kila aliyeuliza kuhusu pazia nilimkemea. Nilidhani nikiilinda sheria vya kutosha, deni la mbegu moja litalipika.

Mama yako alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nyanya yako alisomewa kwa mbegu yako."

"Ndiyo."

"Na Mungu akaikataa?"

"Hakuniambia."

"Basi mpigie Baba Mdogo simu," akasema. "Yeye amesali humo tangu ujana wake, hakosi alikuwapo."

Nilikuwa nimesahau kwamba shemeji yangu, kijana wakati huo, alikuwa mmoja wa wale tisa. Nilimpigia. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ushahidi. Upande wa pili nikasikia mzee anacheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, umekaa na jambo hilo miaka yote hii?"

"Nimekaa nalo."

"Chumba kile kina hatua nane kwa sita. Watu wazima tisa wanashindwaje kujiona? Sote tulijua. Baba yako alilitazama kopo, akatutazama sisi, akakutazama wewe. Halafu akasema, 'Tusimame.' Tukasimama."

"Hakuniambia neno."

"Angekuambia nini? Kwamba umekosea? Tungerudi nyumbani na mvua ile, na mama yake hajasomewa. Kwamba umefanya vema? Kesho ungetumbukiza mbili."

Nilimwuliza kama Baba alikuwa ameihesabu mbegu ile kuwa mtu au kama alikuwa amechoka tu kungoja. Shemeji alisema hajui, na kwamba yeye hakuthubutu kumwuliza. Mimi pia sijui. Nimeliwaza jambo hili tangu siku hiyo, na sitakudanganya kwamba nimepata jibu.

"Kesho asubuhi," nikamwambia, "kabla Sabato haijatuzuia simu, weka kopo. Mwanamke anayetaka kutumbukiza, atumbukize. Asiyetaka, usimlazimishe."

"Wakiniuliza ni amri ya nani?"

"Waambie si amri. Ni ombi la mjane."

Ijumaa ile madam alikuwa amenipa ruhusa mpaka adhuhuri. Saa za Jeddah na za kwetu ni zile zile. Mama yako aliweka simu mezani, akajifunika kichwa kwa kitambaa cheupe cha sala cha babu yako, alichonipa nilipoondoka nyumbani, nami nilikuwa nacho sandukuni. Nilimpa mwenyewe. Tulisikia mlango wa nyumba ya maombi ukifunguliwa, ule unaokwaruza sakafu, kisha mbegu zikigonga bati, moja, na nyingine, na kimya kirefu, na nyingine. Shemeji alituambia baadaye kwamba wanawake wanne walitoka nyuma ya pazia. Wa tano, yule mama mzee unayemjua, alikataa. Alisema, "Mimi nitaitikia amina hapa hapa nilipoketi maisha yangu yote." Sita na wanne. Mama yako alitaka shemeji atutumbukizie zetu pia, lakini nilisema hapana: anayehesabiwa ni yule ambaye mkono wake uko pale.

Mama yako akasoma. Alikosea mahali pawili, akarudia. Nao wakaitikia, na sauti ya yule mama mzee ilizishinda zote.

Nilirudi adhuhuri jikoni mwa nyumba waliyofikia pale Jeddah. Madam alitazama macho yangu, akauliza kwa Kiarabu kama imekwisha, "Halas?"

"Halas, madam."

"Nani amemwombea?"

"Mtoto wake," nikasema.

Sasa andika haya ya mwisho kwa uangalifu. Kopo liko juu ya kabati, nyuma ya taa ya mafuta. Litunze. Limeanza kushika kutu upande mmoja. Lipake mafuta, usilipake rangi. Mahindi yabadilishe kila mavuno, maana dumuzi huyatoboa, na mbegu iliyotobolewa si haki kumhesabia mtu. Kitambaa cheupe ni cha mama yako mpaka atakapokupa mwenyewe. Pazia usiliguse maadamu yule mama mzee yu hai. Nyuma yake ndipo anapoketi, na amina yake ilitufikia Jeddah. Akifariki, muulizane ninyi mlio hai, wala asiwepo wa kuwajibu kwamba hivyo ndivyo mlivyopokea.

Na mimi nitakapokufa, usimimine kopo kabla hujatumbukiza mbegu yako.