Insha ya Kheiria, Muuza Bajia wa Matrah

Kheiria binti Harub alikuwa na umri wa miaka ishirini mwaka ule wa sabini, serikali ilipobadilika Oman na watu wa Unguja wakaanza kurejea kwa wingi. Yeye na mama yake walikuja mapema, sitini na nne, baba yake akiwa ameshafariki. Ami yake, Majid, ndiye aliyewapokea Matrah na kuwalea.

Asubuhi Kheiria alikuwa akisoma Kiarabu kwa mwalimu wa mtaani. Alasiri alikuwa akikaanga bajia kwa Bi Mahfoudha, mjane wa Kiunguja aliyeligeuza dirisha la nyumba yake duka. Makuli wa bandarini walisimama nje, wakala wima bajia na kachori kwa chatne ya nazi, wakarudi mbio kazini. Kheiria alikaa ndani mbele ya karai, moshi ukimwingia machoni, huku nje wanamhimiza kwa Kiarabu na Kibaluchi.

Zikaja habari kwamba chuo cha uuguzi cha Kuwait kitachukua wasichana wachache kutoka Oman. Kila mwombaji aandike insha kwa Kiarabu kuhusu kazi aliyowahi kuifanya na kile ilichomfunza. Kazi aliyowahi kuifanya Kheiria ni kukaanga bajia tu.

"Andika habari za babu yako, alikuwa kadhi," mama yake alimwambia.

"Wanataka kazi yangu mimi, mama."

"Basi sema unashona."

"Nnashona nini mimi, na kifungo tu kinanishinda?"

Aliandika kwanza kwa Kiswahili, na maneno yakaja yenyewe. Alieleza siku ya joto kali, kuli mmoja alipoanguka chini ya dirisha akazimia. Wanaume walimzunguka wakibishana. Kheiria aliacha karai, akatoka na ndoo ya maji, akampakata kichwa pale njiani, akamlowesha kwa leso yake mpaka akafumbua macho. Mtaa mzima ulimsema. Msichana wa watu, kati ya makuli, kichwa cha mwanamme mapajani. Lakini tangu siku hiyo alijua anataka kuwa nani.

Kuyatia hayo katika Kiarabu ndiko kulikomshinda. Akampelekea ami yake, ambaye sasa alikuwa karani serikalini. Majid alisoma, akakunja uso.

"Mafuta, moshi, makuli. Na hili la kutoka njiani unaliandika wewe mwenyewe? Watu wameshaanza kulisahau, mwanangu. Niachie mimi."

Aliiandika upya kwa Kiarabu kizuri sana. Kheiria aliinakili kwa mkono wake, nusu akiielewa. Alitaka kusema kwamba huyu si yeye, lakini mtu aliyewalea utamwambiaje? Akaipeleka vile vile.

Tangu hapo hakupata raha. Bajia zikawa zinaungua mikononi mwake.

"Una nini siku hizi?" Bi Mahfoudha alimuuliza. "Wateja wanakula makaa."

"Nnaogopa kuitwa kusailiwa, Bi Mahfoudha. Na nnaogopa kutoitwa."

Aliitwa. Alikwenda Maskati na mama yake, wakakaa kwenye baraza la ofisi pamoja na wasichana wengine. Zamu yake ilipofika, alimkuta ndani mama mmoja wa Kikuwaiti, jina lake Sitti Aliya, muuguzi mkuu, insha iko mbele yake.

"Umeandika ulikuwa mushrifa wa tamwin," alisema Sitti Aliya. "Nieleze kazi hiyo."

Mushrifa alilijua, msimamizi. Tamwin hakulijua; baadaye ndipo alipojua ni ugavi wa vyakula. Angeweza kubahatisha, lakini akibahatisha vibaya ndiyo basi.

"Neno hilo si langu," alisema mwishowe. "Kuna mtu alinisaidia. Mimi nnakaanga bajia, nnawauzia makuli dirishani."

Sitti Aliya alivua miwani. "Na kazi hiyo ilikufunza nini?"

Kheiria akasimulia habari za yule kuli, kwa Kiarabu cha kuungaunga, na pale neno lilipokosekana akaonesha kwa mikono. Alipofika kwenye kichwa mapajani aliona haya, lakini hakuliruka hilo. Sitti Aliya hakucheka wala hakukunja uso. Alimsogezea karatasi tupu.

"Kaa pale uandike hayo. Kama unavyojua."

Aliandika, akijua makosa ni mengi.

Baada ya wiki kadhaa jibu likaja. Amekubaliwa, kwa sharti kwamba mwaka wa kwanza asome Kiarabu tu, na walii wake, mwanamme anayemsimamia, atie sahihi ya ruhusa. Walii wake ni Majid.

Hapo ndipo hofu yake ilipozidi. Alikwenda kwa ami yake, akambusu mkono, akamweleza yote: insha aliyomwandikia ilivyowekwa kando, na aliyoyasimulia mbele ya wageni. Majid aliivuta karatasi ya ruhusa akaisoma.

"Uliwatajia jina langu?"

"La, ami. Nilisema kuna mtu alinisaidia."

"Na lile la njiani ulilisema lote?"

"Lote."

Majid alishusha pumzi. "Mimi nilidhani nnakusitiri," alisema. Akavuta kalamu, akatia sahihi, kisha akakaa akiitazama kama mtu asiye na hakika amefanya vyema.

Alimsindikiza mwenyewe mpaka kiwanja cha ndege cha Baitil Falaj. Kheiria alitapika kabla ya kupanda, na mama yake akalia. Alirudi baada ya miaka kadhaa akiwa muuguzi, akapangiwa hospitali Matrah, wodi ya wanaume.