Kuku wa Mke Wangu na Kengele ya Jioni

Mke wangu alipovunjika nyonga alipelekwa Mbeya, anakokaa binti yetu, ili awe karibu na hospitali. Mimi nilibaki huku Igowole na kuku wake: matetea wanane na jogoo mmoja. Wiki mbili za kwanza niliwafungia ndani ya banda la mabanzi na uzio wake wa wavu, nikawapa pumba na maji, nikajiona mtunzaji mwaminifu. Kisha wakaanza kudonoana. Mmoja alitoka damu mgongoni, mwingine akaanza kula mayai.

"Wafungulie," mke wangu aliniambia kwenye simu. "Wanataka majani na udongo."

"Na mwewe je?"

"Wafungulie saa kumi na moja jioni, wakiwa bado na njaa. Kaa nao hapo hapo. Kabla jua halijazama tikisa kopo la mahindi, watarudi. Yule mweusi wa kishungi ndiye kiongozi. Akiingia yeye, wote wanaingia." Akaongeza, "Baba, nikirudi nataka niwakute wote."

Nilimwahidi, na tangu dakika ile sikuwa na raha.

Siku ya kwanza nilifungua kilango huku nikitazama juu. Nyuma ya nyumba yetu kuna mikaratusi mirefu, na mwewe hukaa juu kabisa, mahali jicho langu la uzee halifiki. Kuku walitawanyika kama watoto waliotoka shule. Nilihesabu hadi sita, yule wa kwanza akawa amehama, nikaanza upya. Kivuli cha wingu kilipita uwanjani nikasimama ghafla hadi kigoda kikaanguka.

"Kamwene, mwalimu!" Alikuwa jirani yangu, mjane wa rika langu, akiniamkia kwa salamu ya kwetu kutoka kwenye bustani yake ya njegere. Watu huniita mwalimu kwa sababu nilikuwa katekista miaka mingi. "Umeacha kondoo wa Bwana, sasa unachunga kuku?"

"Kamwene. Hawa hawasikii mahubiri."

"Hata wale hawakuwa wanasikia!" Alicheka peke yake hadi akashika mgongo. Kisha akasogea kwenye ua. "Usihangaike kuwahesabu. Mwangalie jogoo. Yeye ndiye anayetazama juu. Akikoroma kooni, ujue kuna kitu. Na uwatengenezee mahali pa kujificha, uwanja wako mweupe mno."

Kesho yake nilikata matawi nikayaegemeza kwenye magogo, sehemu tatu za uwanja, ili kuku wawe na pa kukimbilia. Siku nne zikapita salama. Kila jioni nilitikisa kopo, mweusi akatangulia, wenzake wakamfuata, nami nikafunga kilango kabla kengele ya kanisa haijalia. Nilimshukuru Mungu kwa kila mmoja wao.

Siku ya tano mvua ya kwanza ilinyesha mchana, na jioni kumbikumbi wakatoka ardhini. Nilitikisa kopo hadi mkono ukachoka. Nani angeacha kumbikumbi aje kula mahindi makavu? Kuku walikuwa bado katikati ya uwanja kengele ya sala ya Malaika wa Bwana ilipolia.

Nikasimama, nikavua kofia, nikafumba macho. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyofundisha watoto wa kigango chetu: ukisema na Mungu, dunia iache kwanza.

Nilikuwa kwenye Salamu Maria ya pili jogoo alipokoroma. Nilisikia vizuri kabisa. Lakini nikajiambia, ngoja nimalizie. Nilimalizia. Nilipofumbua macho, matetea saba walikuwa wamejibana chini ya matawi pamoja na jogoo, na pale walipokuwa kumbikumbi palikuwa na manyoya meusi.

Nilizunguka hadi kwenye mikaratusi nikiita, ingawa nilijua.

Baada ya chakula cha usiku mke wangu alipiga simu, kama kawaida yake. "Kuku hawajambo?"

"Wamelala," nikasema.

Jibu lile halikuwa uongo, ndiyo maana liliniuma kuliko uongo. Darasani nilikuwa nikikataza maungamo ya namna hiyo, ya kusema nusu ya ukweli. Asubuhi, kabla sijanywa chai, nilimpigia nikamwambia yote.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ulikuwa umefumba macho?"

"Nilikuwa nasali."

"Baba, unakumbuka ulivyokuwa unanigombeza mbele ya watoto, kwamba wakati wa sala ya jioni mimi nazubaa, natazama huku na huku?"

"Nakumbuka."

"Sikuwa nazubaa. Nilikuwa naangalia kuku."

Nilimsikia binti yetu akicheka nyuma yake. Mimi sikuweza. Niliomba msamaha, kwa ajili ya yule mweusi na kwa ajili ya miaka ile.

"Wamebaki wangapi?"

"Saba na jogoo."

"Basi jioni wafungulie. Usiwafungie kwa sababu ya woga wako, wataumizana."

"Kiongozi hayupo."

"Watakufuata wewe na kopo lako."

Jioni ile niliwafungulia. Kumbikumbi walikuwa bado wanatoka. Kengele ilipolia nikavua kofia, nikasimama, macho wazi. Maneno yalikuwa yale yale, lakini kinywa kiliona ugeni. Sijafika nusu, jogoo akainamisha kichwa upande, jicho moja juu. Nikapiga makofi, nikapiga ukelele kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo. Kuku wakaingia chini ya matawi, na kivuli kikapita juu ya uwanja, kikaendelea kuelekea mashamba ya chai.

Nikarudia sala pale nilipoishia. Kisha nikachukua kopo.

Simu ilipolia usiku, mke wangu hakunisalimu. "Wote?"

"Saba na jogoo," nikamwambia. "Nimewaona kwa macho yangu wakiingia."