Benki Isiyo na Kaunta

Mimi niliishia darasa la saba, na silisemi hilo kwa kuona haya. Nalisema ili mtu ajue nimepanda kutoka wapi. Niliingia Doha nikiwa mlinzi wa mlango wa hoteli, suti ya kampuni imenilegea mabegani na viatu vinanibana. Leo ukisimama Al Sadd asubuhi ya siku ya kazi utaona magari meusi yanapita, na katika hayo, tisa ni yangu. Tisa. Wapo watu wenye digrii walioniomba kazi ya kuyaendesha. Kwa hiyo nikieleza habari za orodha ya mabenki ya Kimarekani, mtu asidhani ni porojo za barazani. Mimi nilikuwa najua. Au niliamini najua, na hapo ndipo panaponichoma mpaka leo.

Kazi yangu ni kubeba wageni wa mikutano. Wanashuka kwenye ndege, dereva anawasubiri na kibao chenye jina, anawapeleka hotelini, kesho yake mkutanoni. Kampuni moja ya kuandaa mikutano, pale pale Al Sadd, ilikuwa ikinipa kazi kidogo kidogo, leo gari mbili, mwezi ujao tatu. Msimamizi wao wa mapokezi alikuwa dada wa Kikenya, mtu wa Nairobi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuacha kucheka. Siku moja akaniita. Wanaandaa mkutano mkubwa wa mambo ya fedha, akasema, na kwenye mapokezi ya heshima ya uwanja wa ndege wametengewa nafasi za mabenki kumi tu kutoka Marekani. Watu wa benki hizo wapokewe mlangoni mwa ndege, wapewe gari kubwa na maji baridi. Wengine watapanda basi la hoteli.

"Tunataka orodha moja ya rejea," akasema. "Ile mtu yeyote hapa ofisini akiulizwa benki gani za Amerika ni kubwa, anaangalia tu ukutani, basi. Si ya huu mkutano pekee, ni ya kila mwaka. Na wewe, bosi, si kila siku unatuambia umewabeba wote?"

"Wote," nikasema. "Hao nawajua mpaka kwa kikohozi."

Akacheka. "Haya, niletee kumi. Ikikaa sawa, magari yote ya mkutano ni yako."

Mtu atashangaa, kwa nini aulizwe mwenye magari. Ndivyo mji huu ulivyo. Waliosoma wana majina kwenye kompyuta, sisi wa mlangoni tuna sura. Nani anakuja kila mwaka, nani ameacha kuja, nani akishuka mwenyeji anatoka nje juani kumpokea, hayo anayajua aliyeshika usukani. Yule dada alikuwa na haki ya kuniuliza.

Hapa nimtaje mwenzangu. Ni mtu wa Unguja. Tuliingia Doha mwaka mmoja, tukakaa chumba kimoja Al Mansoura, watu sita, vitanda vya juu na chini, yeye juu mimi chini. Niliponunua gari la kwanza, wa kwanza kuliendesha alikuwa yeye. Magari yalipozidi nikamweka ofisini, chumba changu juu ya duka la dobi, awe anapanga nani amfuate nani na saa ngapi. Madereva wangu wote, Waganda, Wakenya na Watanzania wenzangu, wananiita tajiri, kama madereva wanavyomwita mwenye gari. Yeye peke yake aliniita bwana wee. Nilimwachia, kwa sababu amewahi kuniona nikilia kwa jino.

Sisi tulikuwa na desturi yetu. Mgeni mstaarabu akishuka garini hukupa kadi yake ya biashara. Madereva wengi huzitupa. Mimi niliziweka kwenye kopo la biskuti, na mwenzangu naye akawa analeta zake, miaka kumi na sita, mpaka kopo likawa zito. Na majina ya mabenki hatukuyatumia, maana yale majina ni kama ya mawakili, marefu na yanafanana. Tuliyaita kwa tabia za watu wao. Kulikuwa na Wazee wa Barafu, wasiokunywa kitu bila barafu. Kulikuwa na Kina Samahani. Kulikuwa na Mikoba Myekundu, ambao kila mmoja wao alikuwa na mkoba wa ngozi nyekundu.

Ijumaa, baada ya sala, tukamwaga kopo lote kwenye zulia la ofisi, chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, pembeni. Tukaanza kupanga.

"Kubwa maana yake nini?" akauliza mwenzangu.

"Kubwa ni kubwa. Benki ambayo mgeni mmoja anahitaji gari mbili, moja yake na moja ya mabegi."

"Kwa kipimo hicho, bwana wee, mke wangu akija likizo naye ni benki."

Tulicheka. Tisa zilipatikana bila ugomvi. Ikabaki nafasi moja, na kadi mbili juu ya zulia.

Moja ilikuwa ya Mikoba Myekundu. Ya pili ilikuwa kadi nyeupe, haina nakshi, ya bwana mmoja mwembamba aliyekuja kila mwaka peke yake na begi la mkononi. Yule bwana alikuwa akipanda siti ya mbele, kando ya dereva, na kumwomba mwenzangu, ambaye safari hiyo kila mwaka aliiendesha mwenyewe, wapitie Al Mansoura wanywe chai ya karaki kwenye kibanda, wamesimama.

"Huyu aingie," akasema mwenzangu. "Aliniambia mwenyewe. Benki yao haina kaunta, haina mteja wa mtaani. Kazi yao ni kutunza hati na mali za mabenki mengine. Hawa wote uliowapanga hapo, vitu vyao viko kwake."

"Benki isiyo na kaunta ni duka lisilo na mlango," nikasema. "Mtu mkubwa hapandi mbele. Mtu mkubwa hanywi chai kibandani."

"Wewe unanywa."

"Mimi nimetokea huko. Yeye katokea wapi?"

Akatoa simu yake mfukoni, akasema, "Mikoba Myekundu hatujawabeba tangu kabla ya Kombe la Dunia. Hebu nitazame kwenye simu."

Nikaiweka simu yake kifudifudi. "Watu nimewapakia mwenyewe, nikaulize kwenye simu?"

Sasa niseme ukweli ambao sikuusema siku ile. Mikoba Myekundu ndio watu wa kwanza Doha walioniweka mezani. Nilikuwa nimewapeleka mkahawa mmoja pale The Pearl, mtaa wa matajiri, nikawa nasubiri garini kama kawaida, mmoja akatoka akagonga kioo, akaniambia njoo. Nikakaa nao, kitambaa cheupe mapajani, mhudumu ananiita mimi "sir", na mhudumu yule jana yake alinifukuza nisiegeshe mbele ya mlango wake. Chakula chenyewe sikumbuki. Nakumbuka uso wa yule mhudumu. Orodha ya mabenki makubwa isiyo na Mikoba Myekundu ingekuwa kama kusema mlo ule haukuwapo. Nikawapandisha mpaka namba saba, kwa wino, na kadi nyeupe nikairudisha kwenye kopo.

Jumapili tulikwenda wote wawili. Nilimwambia mwenzangu aje na kopo, ili wakitaka ushahidi wauone. Alivaa kofia yake ya viua na shati lililopigwa pasi, akasimama nyuma yangu na kopo kwapani. Yule dada aliipokea karatasi huku anatabasamu, akakaa nayo mbele ya kompyuta. Tabasamu likawa linapungua kadiri kidole chake kilivyoshuka.

"Bosi, hii namba mbili na hii namba saba ni kitu moja."

"Kivipi?"

"Hii ya saba ilimezwa na ya pili. Ni miaka mitatu sasa. Hakuna benki inaitwa hivi tena. Na hii ya tisa ni ya Kanada."

"Wanaongea Kimarekani kabisa!"

"Mzee, hata mimi nikikaa huko mwaka moja nitaongea hivyo." Tayari nilikuwa nimeshuka kutoka bosi hadi mzee. "Na kuna moja haiko." Akaandika jina kwenye karatasi, akaigeuza tuione. Mwenzangu hakuhitaji kusogea; lilikuwa jina la ile kadi nyeupe. "Mkubwa wao ndiye anafungua mkutano. Ndiye wa kwanza kutua. Kwa orodha yako, angepanda basi."

Ofisi nzima ilikuwa inasikia. Kulikuwa na wasichana wawili wa Kifilipino kwenye meza zao na Mhindi mmoja wa hesabu, na wote hao walikuwa wamenisikia kwa miaka nikitamba pale, kwamba mimi ni chuo kikuu cha barabarani, kwamba niulizwe mimi. Yule dada akauliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Hii nani alitengeneza?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Mimi. Ni neno fupi, na kila siku linanitoka mdomoni mara mia. Siku hiyo halikutoka.

"Mambo ya makaratasi," nikasema, "anashughulika nayo huyu."

Sikugeuka. Nilisikia tu kopo likigongana na kitu, nadhani kifungo cha shati lake.

"Ndiyo, dada," akasema mwenzangu. "Mimi. Nilipitiwa."

Yule dada alimtazama yeye, akanitazama mimi. Alikuwa mwerevu, sina hakika kama aliamini. Lakini alihitaji magari, na mkutano ulikuwa karibu. "Sawa. Orodha tutamaliza sisi. Magari tutachukua yako. Lakini huyu asipange safari hata moja ya mkutano wangu. Aendeshe tu."

Tulishuka kwa lifti. Garini nikasema, "Ni wiki moja tu, yakipita haya utarudi mezani." Akasema, "Inshallah." Mtu wa Unguja akikwambia inshallah kwa sauti ile, usingoje kitu.

Mkutano ulipita salama. Yeye ndiye aliyempokea yule bwana mwembamba, mlangoni mwa ndege, gari kubwa, maji baridi. Madereva waliniambia bwana yule aliikataa siti ya nyuma, akaenda kukaa mbele. Mimi nilipata mkataba wa mwaka mzima na nikaongeza magari mawili. Mezani nilishamweka mwingine, kijana mwenye cheti, na nilipata sababu nyingi za kutomwondoa. Mwezi wa pili baada ya mkutano mwenzangu akaja ofisini, akaweka ufunguo juu ya kopo la biskuti, akavisukuma vyote viwili upande wangu.

"Nimepata kazi ya udereva wa nyumba, kupeleka watoto shule. Asante kwa yote, tajiri."

Tajiri. Miaka kumi na sita, na siku hiyo ndiyo ya kwanza. Alipotoka nililichukua lile kopo na kadi zake zote nikalitupa kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya dobi.

Mwaka uliofuata nilikwenda mwenyewe kumpokea yule bwana. Nilitaka kumwona mtu huyu. Akapanda mbele. Tulipofika karibu na Al Mansoura akaniuliza, kwa adabu, yuko wapi rafiki yake wa chai.

"Amerudi kwao," nikasema.

Si kweli. Anaishi The Pearl, kwenye chumba cha madereva, na mara mbili kwa wiki tunakutana kwenye taa nyekundu, yeye na watoto wa watu nyuma. Huwa ananipungia mkono. Mkono tu.

Yule bwana aliomba tusimame kibandani hata hivyo. Tukanywa chai tukiwa wima, mimi na suti yangu. Nilipomshusha hotelini akanipa kadi, nyeupe, haina nakshi, kama ile ile.

Orodha ipo ukutani kwa yule dada, imechapwa vizuri na kuwekwa kwenye fremu, na benki ya yule bwana iko juu. Kila nikienda pale naiona kabla sijaketi. Kadi iko kwenye mfuko wa mlango wa gari. Nimeshaitoa mara kadhaa nikitaka kuiweka mahali pake, halafu nakumbuka kopo nililitupa, nairudisha pale pale.