Mama Mdogo, Mpangaji wa Chumba cha Tatu

Mama yangu alikuwa na mdogo mmoja tu wa kike, na mimi nilimwita habaryar, yaani mama mdogo kwa Kisomali. Alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja hapa Garissa, mwembamba, mwenye mwanya mbele. Akirudi mchana kula, alituletea ofisi nzima nyumbani. Akikaza shingo tulimwona mkubwa wake, akiburuta kandambili tukamjua tarishi. Mama alimkanya, "Abaayo, dada yangu, acha kucheka watu," huku yeye mwenyewe ameshika mbavu.

Hakuna aliyedhani kwamba hiyo ni kazi. Kisha nyanya akaugua macho, na habaryar akaomba ruhusa ampeleke Nairobi. Kwenye veranda ya hospitali walikuwepo wanawake wengine waliotoka Wajir na Mandera, wasiojua Kiswahili, wakiogopa kila aliyevaa koti jeupe. Habaryar akawa mkalimani wao. Daktari akishaondoka, alirudia maneno yake kwa sauti na mwendo wa daktari mwenyewe, mpaka wale mama wakasahau woga. Siku moja mwanamke aliyekuja kumtazama mgonjwa alisimama akamsikiliza kwa muda mrefu.

"Wewe unaigiza wapi?" akamuuliza.

"Siigizi. Natafsiri."

Yule mwanamke alikuwa mwigizaji wa vichekesho vya televisheni, na walikuwa wakitafuta mtu. Nyanya alipopona, alirudi Garissa na mjomba wangu. Habaryar alibaki Nairobi, Eastleigh, kwa binamu yetu. Mjomba, abti wangu, mfanyabiashara wa ng'ombe na mtu wa maneno machache, alifika nyumbani kwetu akakaa bila kugusa chai.

"Amekubali kuchekwa na nchi nzima," alimwambia mama. "Mimi sitatazama."

Kipindi chenyewe kilihusu wapangaji wa jengo moja, na habaryar alikuwa mpangaji wa chumba cha tatu, mama wa Kisomali asiyejua Kiswahili. Alisema "bole bole" badala ya pole pole, na "fyombo fyangu" badala ya vyombo vyangu. Majirani walimzunguka, walimtuma asikotaka kwenda, walimpa barua za watu wengine. Watu walicheka sana. Shuleni kwetu walikuwepo watoto wa wafanyakazi waliohamishwa kutoka bara, nao walinipokea asubuhi kwa sauti yake, "Bole bole, mama!" Nilikuwa darasa la saba. Niliacha kunyoosha mkono darasani, kwa sababu hata mimi p yangu ilinitoroka nikiharakisha.

Likizo ya Agosti mama alinipeleka kwa habaryar, Eastleigh. Usiku wa pili alinikuta nikilia bafuni, na nikamwambia yote, pamoja na neno ambalo sikupaswa kumwambia mtu mzima, kwamba anatuaibisha.

Hakunikemea. Alikaa kwenye ukingo wa ndoo. "Mimi pia nasikia," alisema. "Nilidhani nikizoeleka watanisikiliza. Kesho twende kazini pamoja."

Kesho yake nilikalishwa kwenye kiti cha mbao nyuma ya kamera, nikaambiwa nisikohoe. Vyumba vya jengo lile nilivyovijua kwenye televisheni vilikuwa kuta tatu za mbao zilizopakwa rangi, na chumba cha tatu hakikuwa hata na dari. Katika kipande cha siku hiyo, mlinzi wa jengo na rafiki yake walitakiwa kupanga kumtoa habaryar chumbani ili chumba hicho apewe shemeji wa mlinzi. Wangeyasema yote mbele yake, yeye akipepeta mchele na kutabasamu, kwa kuwa haelewi. Mwisho angebeba godoro lake na kutoka, akiwashukuru.

Habaryar aliinua mkono. "Mwelekezi, naomba neno. Huyu mama amekaa hapa miaka mingapi?"

Mwelekezi, mzee mwenye miwani na shingo iliyokazwa, aliyezoea kuamrisha, alitazama karatasi zake. "Tuseme mitano."

"Miaka mitano, anaenda sokoni, anachota maji na majirani. Na hajajifunza lugha? Basi si mcheshi, ni mgonjwa."

"Watu wanampenda hivyo hivyo, dada."

"Wanamcheka. Nipe nafasi moja. Isipokuchekesha, nitabeba godoro."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwelekezi alivua miwani, akaipangusa, akasema haya. Wakaanza. Mlinzi na rafiki yake walipanga njama yao. Habaryar alipepeta mchele. Hakufanya chochote kingine, ila kila walipotaja jambo baya zaidi, ungo ulisimama hewani kidogo, kisha ukaendelea. Walipomaliza, aliuweka chini, akajifunga ushungi vizuri, akasema kwa Kiswahili safi kama cha mtangazaji wa taarifa ya habari:

"Ndugu zangu, nimewasikia tangu mwanzo hadi mwisho. Chumbani sitoki. Na mfereji unaovuja hapo nje, mtautengeneza leo kabla ya alasiri."

Aliyeigiza mlinzi hakuwa ameambiwa maneno hayo. Aligeuka kuutafuta huo mfereji nyuma ya ukuta wa mbao. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika, ikabidi warudie. Mwelekezi hakumsifu. Alisema tu, "Tutaanzia hapo wiki ijayo." Tangu siku hiyo mpangaji wa chumba cha tatu ndiye aliyejua siri za jengo zima, na waliomdharau ndio waliobeba magodoro.

Kipande hicho kilipoonyeshwa nilikuwa nimerudi Garissa. Tulitazama katika hoteli iliyokuwa na televisheni na jenereta, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma ya pazia la jikoni. Abti alikuwepo. Alisema amekuja kunywa chai, na kweli alikaa ameipa televisheni mgongo. Lakini dada yake alipofungua mdomo na kile Kiswahili kikatoka, aligeuka na kiti chake. Hoteli ililipuka. Makarani wa bara walipiga meza, wachuuzi wa mifugo wakapiga meza, na mwalimu wangu wa hesabu, mtu wa Machakos, akasimama kabisa. Abti alingoja makelele yapungue.

"Huyo mlinzi ni mjinga," akasema, akaagiza chai nyingine.

Habaryar aliigiza miaka kadhaa. Kisha zikaja zile mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya tisini, na nyanya akazidiwa. Habaryar alikuja kumuuguza, barabara na simu zikakatika nyuma yake. Alikaa nasi majuma mengi. Nyanya alifia mikononi mwake. Barabara ilipofunguka alipiga simu kazini kutoka posta, nikiwa nimesimama naye. Walishamwondoa. Kwenye kipindi walisema mpangaji wa chumba cha tatu amehama.

Alirudisha simu mahali pake taratibu. "Amehama," alirudia, akakaza shingo kama mwelekezi, nikacheka kabla sijajua kwamba analia.

Hakurudi Nairobi. Alipata tena kazi ya kupiga chapa, na jioni akafundisha maigizo katika shule ya sekondari ya wasichana. Alikuwa mkali, pengine kupita kiasi. Msichana akichelewa alimfungia mlango. Mwaka wa pili walifika mashindano ya mkoa kwa mchezo walioutunga wenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wao. Jukwaani p ilinitoroka katika sentensi ya kwanza, na ukumbi ukacheka. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa mstari wa mbele, mikono magotini, hacheki, anangoja sentensi ya pili.

Nikaisema.